Mpaka wa Kujua: Karne Mbili za Shaka katika Falsafa ya Kijerumani

Binadamu anaweza kujua nini kwa hakika, na ni wapi akili yake inagota? Swali hili ni la kale, na kila umma umewahi kuwa nalo. Lakini kati ya mwaka 1720 na 1951, watu walioandika kwa Kijerumani walilishikilia kwa ukakamavu ambao ni vigumu kuupatia mfano. Mwalimu alimrithisha mwanafunzi, na mara nyingi mwanafunzi alianza kazi kwa kuibomoa ya mwalimu wake. Katika muda huo mpaka wa kujua ulichorwa mahali patatu: kwanza ndani ya akili, kisha ndani ya lugha, na mwishowe katika maisha ambayo watu wanaishi pamoja. Anayeuliza leo kama sayansi ina kikomo, au kama maneno yanatosha kueleza jambo, anapita katika njia iliyofyekwa na watu hao. Ni vema tujue ilifyekwaje.

1720–1755: Enzi ya uhakika

Mwanzoni mwa karne ya 18 falsafa katika vyuo vya Ujerumani ilitawaliwa na Christian Wolff, profesa wa Halle. Wolff alifundisha kwamba akili ikianza na kanuni sahihi, ikasonga hatua kwa hatua kama afanyavyo mwanahisabati, itaufikia ukweli wa ulimwengu, wa roho, na hata wa Mungu. Pamoja na hayo alifanya jambo lililodumu kuliko hoja zake: wakati wasomi wengi wakiandika kwa Kilatini, yeye aliandika vitabu vyake vya mwanzo kwa Kijerumani na kuitengenezea falsafa istilahi. Christian Thomasius alikuwa amemtangulia mwaka 1687 alipotangaza mhadhara kwa Kijerumani mjini Leipzig. Falsafa ikaanza kuzungumza lugha ya sokoni na nyumbani, na swali la uhusiano kati ya fikra na maneno likawa karibu na kila msomaji.

Uhakika huo ulikuwa na maadui. Mwaka 1721 Wolff alitoa hotuba akisema kwamba Wachina walifikia maadili mema kwa nguvu ya akili peke yake, bila ufunuo wa Kikristo. Wanatheolojia wa Halle walikasirika, na mwaka 1723 Mfalme Friedrich Wilhelm I wa Prusia akampa saa 48 kuondoka nchini, la sivyo anyongwe. Wolff alirudi mwaka 1740, mfalme mpya alipotwaa kiti.

Katika vyuo hivyohivyo alisoma na kufundisha Mwafrika, Anton Wilhelm Amo, aliyezaliwa karibu na Axim katika nchi ambayo leo ni Ghana na kupelekwa Ulaya akiwa mtoto. Alijiandikisha Halle mwaka 1727. Mwaka 1734, mjini Wittenberg, alitetea tasnifu iliyosema kwamba kuhisi ni kazi ya mwili, na kwamba roho, kwa kuwa si mwili, haihisi. Mwaka 1738 alichapisha kitabu kuhusu namna ya kufalsafu kwa utulivu na usahihi. Mnamo 1747 alirejea Afrika Magharibi. Swali la sehemu ipi ya maarifa inatoka kwenye hisi na ipi inatoka kwenye akili, ambalo baadaye lingemletea mwingine sifa duniani, lilikuwa tayari mezani kwa Amo.

1755–1781: Shaka yavuka bahari

Pigo lilitoka Uskoti. David Hume, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1711, aliuliza swali linaloonekana jepesi: tunajuaje kwamba jambo moja linasababisha jingine? Tunaona moto, kisha tunahisi joto. Tunaona tukio la kwanza na tukio la pili, lakini kile kifungo kinachoyaunganisha hatujakiona hata siku moja. Hume alisema kifungo hicho ni mazoea ya akili zetu: tumeona mara nyingi, basi tunatarajia. Ikiwa ndivyo, sayansi yote inayotegemea sheria za chanzo na matokeo haina dhamana ya akili, na ujenzi wa Wolff umesimama hewani.

Kitabu cha Hume kuhusu ufahamu wa binadamu, kilichotoka mwaka 1748, kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1755. Mmoja wa wasomaji wake wa kwanza waliomwelewa kwa undani hakuwa profesa. Johann Georg Hamann, mzaliwa wa Königsberg, mji wa bandari mashariki mwa Prusia, alitumwa London mwaka 1757 na nyumba ya biashara ya familia ya Berens wa Riga. Kazi ilimshinda, fedha zikamwishia, afya ikadhoofika. Mwaka 1758, katika chumba cha kupanga, aliisoma Biblia kuanzia mwanzo hadi mwisho na kutoka humo akiwa mtu mwingine.

Aliporudi, rafiki zake waliona wamempoteza. Majira ya joto ya mwaka 1759 mmoja wa familia ya Berens alimleta mwalimu kijana wa chuo cha Königsberg ili amrudishe Hamann kwenye njia ya akili. Mwalimu huyo alikuwa Immanuel Kant, mtoto wa fundi wa hatamu za farasi, mwenye miaka 35, aliyelipwa ada na wanafunzi wake moja kwa moja kwa sababu hakuwa na kiti cha profesa. Hamann hakushawishika. Tarehe 27 Julai alimwandikia Kant barua akimkumbusha kwamba hata Hume, bingwa wa shaka, anahitaji imani ili ale yai na anywe maji. Kwake yeye, Hume alikuwa ameonyesha kwamba akili haijitoshelezi, na kwamba chini ya kila kujua kuna kuamini. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tunayoijua ambapo jina la Hume linatajwa kati ya watu hao wawili.

Mwaka 1771 Hamann alikwenda mbali zaidi. Alitafsiri kurasa ambamo Hume anaeleza jinsi shaka ilivyomzonga hadi akakaribia kukata tamaa, akazichapisha katika gazeti la Königsberg bila kutaja jina la Hume wala lake. Kant, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amepata uprofesa, aliishi katika mji huohuo. Baadaye alikiri kwa maandishi kwamba Hume ndiye aliyemzindua kutoka katika usingizi wa kuamini bila kuhakiki. Kuanzia hapo, kwa miaka kumi, Kant karibu hakuchapisha kitu.

1781: Akili yafikishwa mahakamani

Kitabu kilipotoka, mwaka 1781, kilikuwa na kurasa 856. Kant alimweleza mwanafalsafa mwenzake Moses Mendelssohn kwamba alikitafakari kwa miaka isiyopungua 12, lakini alikiandika kwa miezi minne au mitano tu. Jina lake ni *Uhakiki wa Akili Safi*, na kazi yake ni kuiweka akili kizimbani ili iulizwe: unadai kujua haya, hati yako iko wapi?

Kant aliukubali uchunguzi wa Hume, ila hakukubali hukumu yake. Ni kweli, alisema, kwamba kifungo cha chanzo na matokeo hakionekani kwa macho. Hakionekani kwa sababu ni sisi tunaokileta. Akili haikai kitako ikipokea picha za dunia, inazipanga. Kila tunachokiona tunakiona katika nafasi na wakati, na kila tukio tunalifahamu kama tokeo la jambo fulani, kwa kuwa hayo ni masharti ya kufahamu kwa binadamu. Hivyo sheria za sayansi zikapata dhamana: zinashika popote ambapo binadamu anaweza kuwa na uzoefu.

Lakini dhamana hiyo ilikuwa na gharama, na hapo ndipo mpaka ulipochorwa. Kama tunajua vitu kwa kupitia masharti yetu tu, basi tunajua vinavyotutokea, na jinsi vilivyo vyenyewe, nje ya masharti hayo, hatutajua kamwe. Akili inapojaribu kuruka huko inaanguka katika ukinzani. Kant alionyesha jambo hilo kwa kuweka hoja mbili sambamba: moja inathibitisha kwamba ulimwengu una mwanzo, nyingine inathibitisha kwamba hauna. Kila moja inaibomoa nyingine, wala hakuna inayoshinda. Mungu, uhuru wa binadamu na kutokufa kwa roho akaviweka upande wa pili wa mpaka: haviwezi kuthibitishwa, wala hakuna mwenye uwezo wa kuvikanusha. Alimfananisha mwanafalsafa anayeacha uzoefu nyuma na njiwa anayehisi hewa ikimzuia, akadhani angeruka vizuri zaidi pasipokuwa na hewa.

Athari yake ilikuwa kubwa. Mendelssohn, aliyetumia maisha yake kutetea uthibitisho wa kuwapo kwa Mungu, aliandika mwaka 1785 kwamba Kant ni mtu anayeponda kila kitu. Falsafa ya Wolff haikuinuka tena.

Hata hivyo lazima lisemwe jambo ambalo wasomaji wa Afrika wana haki ya kulisema kwa sauti. Mwaka 1764, kabla ya uhakiki wake, Kant aliandika kwa dharau kuhusu watu weusi, na shahidi aliyemtaja alikuwa Hume, aliyekuwa ameandika dharau hiyohiyo katika tanbihi. Kant hakuwahi kutoka eneo la Prusia Mashariki. Aliyoyajua kuhusu Afrika aliyapata katika vitabu vya wasafiri. Amo alikuwa amefundisha Halle miongo michache tu kabla. Mtu aliyewafundisha wengine kutodai wasichokijua alidai asichokijua, na madai kama hayo aliendelea kuyatoa hata baada ya kitabu chake kikuu. Mganga hajigangi. Kosa hilo halifuti hoja zake kuhusu mipaka ya kujua. Linaonyesha jinsi hoja hizo zilivyohitajika, hata kwa aliyezitunga.

1781–1803: Karani wa forodha ajibu

Wakati kitabu cha Kant kikichapwa, karatasi zake zilikuwa zikifika mezani kwa mtu mwingine wa Königsberg. Hamann alikuwa sasa mtumishi wa idara ya forodha ya mfalme, msimamizi wa ghala mwenye mshahara mdogo na watoto wanne. Mchapishaji wa Kant, Hartknoch wa Riga, alikuwa rafiki yake, akawa anamtumia kurasa kadiri zilivyotoka mtamboni. Kwa hiyo Hamann alikisoma kitabu kilichobadili falsafa ya Ulaya kabla hakijafika madukani. Tarehe 1 Julai 1781 alikuwa ameshaandika tahakiki yake, lakini aliiweka kabatini kwa kumheshimu Kant, ambaye miaka mingi nyuma alimsaidia kupata kazi.

Mwaka 1784 aliandika tena, kurasa chache tu, na hizo nazo hazikuchapishwa hadi mwaka 1800, miaka 12 baada ya kifo chake. Kurasa hizo ni miongoni mwa vianzio vya falsafa ya lugha kama tunavyoijua. Hamann alisema akili imejaribu kujisafisha mara tatu. Mara ya kwanza ilijitenga na mapokeo. Mara ya pili ilijitenga na uzoefu. Mara ya tatu inataka kujitenga na lugha, na hilo haliwezekani, kwa kuwa bila lugha hakuna akili. Kant anazungumza juu ya akili safi, lakini anazungumza: anatumia maneno ya Kijerumani na ya Kilatini yenye historia, yaliyotoka vinywani mwa watu, yanayosikika kwa sikio na kubeba mapokeo. Anayetaka kuikagua akili, basi, na aikague lugha.

Hoja hiyo ilikuwa na mlinzi mwingine. Johann Gottfried Herder alikuwa mwanafunzi wa Kant kuanzia mwaka 1762 hadi 1764, na wakati huohuo rafiki wa Hamann. Chuo cha Sayansi cha Berlin kiliposhindanisha insha kuhusu asili ya lugha, Herder aliandika jibu lake mwishoni mwa mwaka 1770 akiwa Strasbourg, ambako alikwenda kutibiwa jicho kwa upasuaji uliomtesa bila kumponya. Insha ilishinda na kuchapishwa mwaka 1772. Alipinga wazo kwamba Mungu alimkabidhi binadamu lugha ikiwa kamili, akapinga pia kwamba lugha ni vilio vya mnyama vilivyoendelezwa. Binadamu, alisema, anasita mbele ya kitu, anashika alama yake moja, na alama hiyo ndiyo neno lake la kwanza. Kufikiri na kuwa na lugha vilizaliwa pamoja. Mwaka 1799 alitoa kitabu kizima cha kumpinga mwalimu wake wa zamani. Wafuasi wa Kant walikidharau, Herder akafariki mwaka 1803, na swali la lugha likasukumwa pembeni.

1787–1807: Wenye shaka warudi

Lililosukumwa mbele lilikuwa jeraha ndani ya mfumo wa Kant wenyewe. Friedrich Heinrich Jacobi aliligundua mwaka 1787. Kant anasema vitu vyenyewe vinazigusa hisi zetu na kuzianzishia kazi. Lakini pia anasema chanzo na matokeo ni masharti ya akili yetu, yasiyoweza kutumika kwa vitu vyenyewe. Jacobi alieleza kwamba bila vitu vyenyewe hakuweza kuingia katika mfumo wa Kant, na akiwa navyo hakuweza kubaki humo.

Kisha alikuja Salomon Maimon. Alizaliwa mnamo 1753 katika familia maskini ya Kiyahudi huko Lithuania, akasomea urabi, akaacha kwao kwa ajili ya elimu. Mara ya kwanza alipofika Berlin alizuiwa kwenye lango la mji. Mswada wake kuhusu falsafa ya Kant ulitumwa Königsberg mwaka 1789 na Marcus Herz, daktari aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Kant. Kant, mwenye miaka 65, alikusudia kuurudisha bila kuusoma. Alipoufungua, alimjibu Herz kwamba katika wapinzani wake wote hakuna aliyemwelewa vizuri kuliko huyu. Maimon alikuwa ameuliza: hata kama akili ina kanuni ya chanzo na matokeo, tunajuaje kwamba tunaitumia kwa haki katika tukio hili au lile? Huenda kila mara tunapodhani tumeona sheria, tumeona mazoea tu, kama alivyosema Hume. Shaka iliyodhaniwa imezikwa ilikuwa hai.

Mwaka 1792 Gottlob Ernst Schulze wa Helmstedt alitoa kitabu alichokipa jina la Aenesidemus, mwanafalsafa wa shaka wa kale, kilichodai kwamba Kant hakumjibu Hume hata kidogo. Kijana Johann Gottlieb Fichte alipokisoma ili akihakiki, aliona kwamba falsafa inahitaji msingi mpya kabisa, na kutoka hapo akaanza kujenga mfumo wake. Kwa hiyo harakati kubwa ya Fichte, Schelling na Hegel ilianza kama jibu kwa wenye shaka.

Georg Wilhelm Friedrich Hegel ndiye aliyelitoa jibu hilo kwa ujasiri kuliko wote. Mwaka 1802 aliandika makala akilinganisha shaka ya kale na ya Schulze, akaiona ya kale kuwa na kina zaidi, kwa sababu iliyatilia shaka hata yale yanayoonekana kwa hisi. Mwaka 1807, katika kitabu chake kikuu cha kwanza, alisema shaka ni hatua katika safari ya kujua: kila namna ya kujua inavunjika kwa kasoro zake yenyewe, na kuvunjika huko kunazaa namna iliyo bora. Kuhusu mpaka wa Kant alikuwa na hoja kali: anayeweza kuuchora mpaka amekwisha kuuona upande wa pili. Hoja hiyo iliwavuta vijana wengi hadi Hegel alipofariki Berlin mwaka 1831. Baada ya hapo maabara zilianza kuleta matokeo ambayo mifumo mikubwa haikuweza kuyatabiri, na imani katika mifumo ikapungua.

1820–1862: Lugha nyingi, dunia moja

Wakati Hegel akifundisha, Wilhelm von Humboldt alikuwa akiifufua hoja ya Hamann na Herder kwa ushahidi ambao wao hawakuwa nao. Humboldt, mwanadiplomasia na mwanzilishi wa Chuo Kikuu cha Berlin, alijifunza lugha za mabara mengi. Za Marekani alizipata kwa sehemu kupitia nyaraka zilizoletwa na ndugu yake Alexander. Kitabu chake kuhusu Kikawi, lugha ya kale ya fasihi ya kisiwa cha Java, kilianza kutoka mwaka 1836, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Alifundisha kwamba lugha ni kazi ya roho inayoendelea muda wote, na kwamba kila lugha ina namna yake ya kuutazama ulimwengu. Mtu hutoka ndani ya mzunguko wa lugha yake kwa kuingia katika mzunguko wa lugha nyingine.

Masharti ya kujua ambayo Kant aliyaona ni ya binadamu wote sasa yalionekana pia kuwa na sura ya lugha mbalimbali. Isimu linganishi iliyokua Ujerumani wakati huo ilifika hadi Afrika: Wilhelm Bleek, mzaliwa wa Berlin, alichapisha mwaka 1862 sehemu ya kwanza ya sarufi linganishi ya lugha za kusini mwa Afrika, akaeneza jina la Kibantu katika elimu ya lugha, na kwa jina hilo Kiswahili bado kinaainishwa.

1872–1902: Hatujui na hatutajua

Tarehe 14 Agosti 1872 mwanafiziolojia Emil du Bois-Reymond aliwahutubia wanasayansi wa Ujerumani mjini Leipzig. Sayansi ilikuwa katika ushindi, na wengi walitarajia hotuba ya shangwe. Badala yake aliwaambia kwamba kuna mambo mawili ambayo sayansi haitayajua kamwe: maada na nguvu ni nini hasa, na jinsi mwendo wa chembe katika ubongo unavyoweza kuzaa hata hisia ndogo kabisa. Alimaliza kwa neno la Kilatini lenye maana ya hatutajua. Mabishano yalidumu nusu karne.

Mwaka uliofuata, mjini Basel, profesa kijana Friedrich Nietzsche alimsomea rafiki yake insha fupi ili aiandike, kwa kuwa macho yake yalikuwa yanamsumbua. Insha hiyo hakuichapisha. Humo alidai kwamba neno linaanza kama sitiari: mguso wa neva unageuzwa picha, picha inageuzwa sauti. Kisha watu wanasahau kwamba ni sitiari, wanaiita ukweli. Nietzsche alisukuma hoja ya lugha hadi pale ambapo Hamann hakuthubutu: Hamann aliona Mungu nyuma ya lugha, Nietzsche aliona binadamu peke yake.

Aliyeigeuza hoja hiyo kuwa kazi ya maisha ni Fritz Mauthner, mwandishi wa habari na mhakiki wa tamthilia mjini Berlin. Alizaliwa Bohemia mwaka 1849 katika familia ya Kiyahudi na kukulia katikati ya Kijerumani, Kicheki na Kiebrania. Kati ya mwaka 1901 na 1902 alitoa majuzuu matatu ya uhakiki wa lugha. Rafiki yake Gustav Landauer alikuwa amesaidia kuuhariri mswada akiwa kifungoni gerezani. Mauthner alisema lugha inafaa kwa ushairi na kwa kuelewana sokoni, lakini ni chombo kibovu cha kujua, kwa sababu maneno ni kumbukumbu za hisi zetu chache, nazo hisi hizo tumezipata kwa bahati tu. Maprofesa wengi hawakumjali.

1918–1930: Kunyamaza na kuhesabu

Mmoja aliyemjali, ijapokuwa kwa kumpinga, alikuwa Ludwig Wittgenstein, mtoto wa tajiri wa chuma wa Vienna na askari wa jeshi la Austria katika Vita Kuu ya Kwanza. Alikamilisha mswada wa kitabu chake kiangazi cha mwaka 1918, akatekwa na Waitaliano mwezi Novemba akiwa nao katika begi. Kitabu hicho chembamba kilitoka mwaka 1921. Kinasema falsafa yote ni uhakiki wa lugha, na papo hapo kinatenga uhakiki huo na ule wa Mauthner. Wittgenstein alitegemea mantiki mpya iliyoanzishwa na Gottlob Frege wa Jena mwaka 1879. Sentensi yenye maana, alisema, ni picha ya jambo linaloweza kuwapo. Maadili, uzuri na maana ya maisha haviwezi kuchorwa hivyo, basi haviwezi kusemwa, ingawa ndivyo vyenye uzito kuliko vyote. Mpaka wa Kant ukawa mpaka wa kinachosemeka. Mwandishi wake alidhani amemaliza matatizo ya falsafa, akaenda kufundisha watoto katika shule za vijijini Austria.

Miaka tisa baadaye historia hii ilirudi Königsberg. Mwezi Septemba mwaka 1930 wanahisabati, wanafizikia na wanafalsafa walikusanyika katika mji wa Kant. Mwanahisabati mkubwa wa zama hizo, David Hilbert, mzaliwa wa eneo hilo, alikuwa amestaafu na mji ulimtunukia uraia wa heshima. Tarehe 8 Septemba alihutubia mkutano wa wanasayansi, na sehemu ya hotuba ikatangazwa redioni. Alimjibu du Bois-Reymond waziwazi: katika hisabati hakuna kisichojulikana milele, ni wajibu wetu kujua, na tutajua. Maneno hayo yamechongwa kwenye kaburi lake Göttingen.

Siku moja kabla, katika mji huohuo, kwenye kikao kidogo cha majadiliano, Kurt Gödel wa Vienna, mwenye miaka 24, alikuwa amesema kwa ufupi kwamba katika mfumo rasmi wa hisabati unaotegemewa na wengi zipo sentensi za kweli zisizoweza kuthibitishwa ndani ya mfumo huo. Wachache walishtuka, mmoja wao, John von Neumann, alimfuata mara moja kumhoji. Uthibitisho kamili ulichapishwa mwaka 1931. Kwa mara ya kwanza mpaka wa uthibitisho ulithibitishwa kihisabati, na hakuna mwanahisabati aliyeupindua hadi leo.

1949–1951: Chini ya shaka

Wittgenstein alirudi kwenye falsafa mwaka 1929, mjini Cambridge, na kuanza kuivunja kazi yake mwenyewe. Aliacha wazo kwamba lugha ina kazi moja ya kuchora mambo. Watu wanatumia maneno kuamuru, kuomba, kuapa, kusalimu, kuhesabu, na maana ya neno iko katika matumizi yake kati ya watu.

Katika miezi 18 ya mwisho ya uhai wake, akiugua saratani, aliandika kwa Kijerumani madokezo kuhusu uhakika. Alikuwa akijibu hoja ya mwenzake wa Cambridge, G. E. Moore, aliyedhani anaishinda shaka kwa kunyanyua mkono na kusema kwamba anajua huu ni mkono. Wittgenstein aliona Moore amekosea kutumia neno kujua. Mtu anajua pale anapoweza kutoa sababu, na mkono wangu hauhitaji sababu. Kuna mambo ambayo hatukuyachunguza wala hatuyatilii shaka: kwamba dunia ilikuwapo kabla sijazaliwa, kwamba jina langu ndilo hili. Mambo hayo ni kama bawaba. Lazima zitulie ili mlango wa maswali ufunguke. Anayetilia shaka kila kitu hajaanza hata kutilia shaka, kwa kuwa shaka yenyewe inahitaji maneno yenye maana, na maana inatoka katika maisha ya pamoja. Dokezo la mwisho lina tarehe 27 Aprili 1951. Alifariki tarehe 29.

Hapo mpaka ulifika mahali pa tatu. Kant aliuona katika masharti ya akili, Hamann na warithi wake katika lugha, na Wittgenstein katika matendo ambayo watu wanayashiriki kabla hawajaanza kutoa hoja. Hamann aliyemwambia Kant kuhusu yai na maji alikuwa ameligusa jambo hilohilo miaka 192 nyuma.

Hukumu ya historia hii

Fundisho kubwa la karne hizo mbili ni kwamba shaka na elimu si maadui. Bila Hume kusingekuwa na Kant; bila Schulze na Maimon, Fichte na Hegel wangechukua njia nyingine; Gödel alithibitisha nadharia yake akiwa ndani ya mpango ambao Hilbert aliuanzisha ili kuiondoa shaka katika hisabati. Kila mara mtu alipouliza kwa dhati kama tunajua kweli, elimu ilitoka ikiwa na msingi imara zaidi, hata kama eneo lake lilipungua.

Fundisho la pili ni kwamba kujua mpaka ni elimu, na kuutumia vibaya ni hatari. Wapo leo wanaosema kwamba kwa kuwa hakuna uhakika kamili, basi kila maoni ni sawa, na daktari hana tofauti na mpiga porojo. Hakuna hata mmoja katika historia hii aliyefundisha hivyo kwa ajili ya kukwepa kazi ya kufikiri. Wapo pia wanaotangaza kwa sauti kubwa wasichokijua kuhusu watu wasiowahi kukutana nao, kama Kant alivyofanya. Kinga ya makosa yote mawili ni ileile: ukikutana na dai, lako au la mwingine, uliza hati yake iko wapi, limesemwa kwa maneno ya nani, na limesimama juu ya jambo gani ambalo hakuna aliyelihoji. Maswali hayo matatu hayahitaji cheti cha chuo kikuu. Yanahitaji ujasiri na subira, na yanaweza kuulizwa kwa Kiswahili kama yalivyoulizwa kwa Kijerumani.